Katiba ya Roma ya 1849: je, iliwahi kutumika?

SWALI: Ninasoma sheria, mwaka wa pili. Katiba ya Jamhuri ya Roma ilitangazwa tarehe 3 Julai 1849, siku ileile majeshi ya Ufaransa yalipoingia mjini. Sasa miezi mitano iliyotangulia jamhuri iliendeshwa kwa sheria gani? Na katiba hiyo ilikuwa na nguvu kisheria?

JIBU: Tenganisha mambo matatu: katiba kupitishwa, kutangazwa na kutumika. Ile ya Roma ilifika hatua ya pili, ikaishia hapo.

Iliyoendesha jamhuri ni Amri ya Msingi ya tarehe 9 Februari 1849. Papa Pius IX, aliyekuwa pia mtawala wa dola hiyo, alikuwa amekimbilia mji wa Gaeta, nje ya dola yake, tangu Novemba 1848, na Bunge la Katiba lilikuwa limechaguliwa Januari kwa kura za wanaume wote, si wenye mali tu. Amri yenyewe ina ibara nne fupi. Ya kwanza inamvua Papa utawala wa dola. Ya pili inamhakikishia uhuru katika mamlaka yake ya kiroho. Ya tatu inaweka demokrasia halisi na jina la Jamhuri ya Roma, na ya nne inagusa uhusiano na Italia nzima. Zisome mbili za mwanzo kwa pamoja, maana ufundi wote uko hapo: walimwondoa mfalme, wakamwachia askofu kazi yake. Kwa msingi huo Bunge lilitunga sheria, na mwishoni mwa Machi likawakabidhi utendaji watu watatu, Mazzini, Saffi na Armellini.

Katiba ilicheleweshwa na vita. Wafaransa waliteremka katika bandari ya Civitavecchia mwezi Aprili, wakarudishwa nyuma tarehe 30, kisha wakashambulia tena tarehe 3 Juni. Kinachouma ni kwamba katiba yao wenyewe ya 1848 iliahidi kutotumia kamwe majeshi dhidi ya uhuru wa taifa lolote. Tarehe 30 Juni Bunge liliamua kusitisha ulinzi wa mji, lakini halikutawanyika. Wabunge walibaki kazini, wakaimaliza katiba, nayo ikatangazwa hadharani juu ya kilima cha Campidoglio wakati askari wa kigeni wanaingia.

Kwa hiyo ilikuwa halali, kwa kuwa walioitangaza walichaguliwa na wananchi. Ila haikuwa tena na dola ya kuitekeleza. Hakuna uchaguzi uliofanyika chini yake, wala konsuli (mkuu wa utendaji) hata mmoja aliyeshika madaraka kati ya watatu iliowaweka. Kwenye insha yako, sheria iliyotumika iitafute katika Amri ya Msingi.

Hata hivyo, usiiite karatasi tupu. Ibara ya 5 inafuta adhabu ya kifo na ya kutaifisha mali kwa sentensi moja. Kanuni ya saba kati ya kanuni za msingi zilizo mwanzoni mwa katiba inasema haki za kiraia na za kisiasa hazitegemei imani ya dini. Wayahudi wa Roma waliujua uzito wa maneno hayo: Papa aliporejea Aprili 1850 walirudishwa chini ya vizuizi vya geto, mtaa waliotengewa Wayahudi, wakakaa navyo hadi 1870.