Nilichojifunza kwa Sade Adu nikiwa kwenye cherehani

Gauni la mgongo wazi humuumbua fundi upesi kuliko nguo nyingine yoyote. Mbele unaweza kufunika kosa kwa ua, lesi au mkanda. Nyuma hakuna pa kujificha. Shingo inabeba uzito wote, na kitambaa kikikatwa vibaya kinaachia ubavuni, mwenye nguo anashinda sherehe nzima amejibana kwa viwiko.

Nalijua hilo kwa sababu gauni la namna hiyo liliwahi kunishinda. Mteja wangu, binti aliyekuwa anajiandaa kwa sendofu yake, alinionyesha kwenye simu picha ya mwimbaji Sade Adu akiwa jukwaani kwenye uwanja wa Wembley, London, Julai 1985, katika Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia. Vazi jeupe, mgongo nje, nywele zimebanwa nyuma, hereni kubwa za duara. "Dada, nataka hivi hivi," akaniambia. Mimi nikaona picha ile tupu mno kwa sherehe. Nikachukua satini nyepesi, nikaongeza lesi kifuani na mkanda wa mawe kiunoni. Siku ya kujaribu, gauni likalegea pembeni. Binti wa watu hakulalamika. Alisimama mbele ya kioo akikishikilia kitambaa ubavuni kwa vidole viwili, kimya, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Usiku ule nilirudi kumtazama Sade kwa jicho la fundi. Nyimbo zake nimekua nazo, mama alikuwa na kaseti yake iliyochezwa mpaka maandishi yakafutika. Maisha yake ndiyo nilikuwa siyajui. Alizaliwa Ibadan, Nigeria, mwaka 1959, baba Mnigeria mwalimu wa uchumi, mama Mwingereza muuguzi. Jina lake kamili ni Helen Folasade Adu, na hilo Sade hutamkwa Sha-dei. Wazazi walipoachana, mama alirudi Uingereza na watoto, naye akakulia Essex. Kisha nikafika pale paliponikalisha kitako: kabla ya muziki alisomea ubunifu wa mavazi London, chuo cha Saint Martin's, miaka mitatu. Akashona na kubuni nguo za kiume, akafanya na umodo, huku akiitikia sauti za nyuma katika bendi iliyoitwa Pride. Huyu alikuwa mtu wa mkasi na futi kama mimi. Ule utupu niliotaka kuujaza kwa lesi alikuwa ameuchagua akijua anachokifanya.

Basi angalia picha zake za miaka ile, za tangu albamu yake ya kwanza ya mwaka 1984, uhesabu. Nywele nyuma. Hereni. Rangi nyekundu mdomoni. Nguo yenye mstari mmoja ulionyooka, mara nyingi nyeusi au nyeupe, na mara nyingine koti la jinzi la kiume juu yake. Haviongezeki. Ana paji la uso pana na macho yaliyotulia, na vyote alivyovaa vinakupeleka hapo. Siku hizi mteja akija na picha, namuuliza kwanza: watu wakikusifu, wanasifu nini? Mmoja atasema shingo, mwingine mikono, mwingine rangi ya ngozi. Hapo ndipo gauni linapoanzia, na sehemu nyingine zote naziacha zinyamaze.

Wateja wangu wengi wanajisitiri, na mgongo wazi hawauhitaji. Kanuni haibadiliki. Shona shingo ya juu na mikono mirefu, kitambaa cha rangi moja, halafu weka uzuri wote kwenye mkunjo mmoja wa bega. Kuhusu nywele nina ombi moja, dada zangu: usizibane kila siku kwa kuzivuta hadi ngozi iume. Nywele za pembeni mwa uso zinakatika, na zikivutwa miaka mingi huweza kukataa kuota tena. Bana siku ya shughuli, ukirudi nyumbani fungua.

Sasa mkasi. Kwa gauni la mgongo wazi chukua kitambaa chenye uzito kinachoporomoka chenyewe, krepu kwa mfano. Kikate mshazari, kitavutika kidogo na kuufuata mwili. Ukingo wa mgongo ushonee utepe usiovutika kwa ndani, kwa mkono, kabla hujagusa mshono mwingine. Ukishamaliza kuunga, litundike gauni usiku kucha kabla ya kukunja pindo, maana kitambaa cha mshazari huendelea kushuka. Ukikunja siku ileile, kesho upande mmoja utakuwa mrefu. Na mteja aje kujaribu akiwa na viatu atakavyovaa siku yenyewe, si kandambili.

Yote haya yanataka muda, na kwenye muda ndipo Sade alinigusa zaidi. Alitoa albamu mwaka 1992, iliyofuata ikaja 2000, iliyofuata tena 2010. Miaka minane, kisha kumi. Mtu mwingine angeogopa kusahauliwa. Ile ya 2010 ilipotoka iliingia moja kwa moja namba moja Marekani. Na wenzake, Stuart Matthewman, Andrew Hale na Paul Denman, walikuwa walewale wa tangu mwanzo. Bendi nzima inaitwa Sade.

Mimi nilikuwa napokea kila kazi. Ramadhani moja nilipokea nyingi hata nikakabidhi gauni la Idi ambalo mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kwa inchi nzima. Mama wa watu alilivaa hivyo hivyo, akaukunja mkono ule mrefu mara mbili ili ilingane. Tangu hapo nina daftari lenye mistari ya kuhesabika kwa kila wiki. Ikijaa, namwelekeza mteja kwa fundi mwenzangu ninayemwamini. Anayeanza ufundi nampa neno hilo mapema: kukataa kazi kunauma siku moja tu.

Lile gauni la sendofu nililirudia. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Nikarudisha kazi mbili kwa wenyewe, nikanunua krepu nyeupe kwa fedha yangu, nikaacha lesi, nikaacha mawe. Siku ya shughuli nilikaa meza ya nyuma ukumbini. Ilipofika zamu ya keki, binti aliinua mikono yote miwili kumlisha mama yake, na kitambaa hakikusogea.