Ndege ya mpira inapanda wima kisha inaanguka: tatizo liko wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, shule ya sekondari, Morogoro. Mimi na wanafunzi wa kidato cha pili tumeunda ndege ya balsa (mbao nyepesi sana) inayoendeshwa na mpira wa kusokota. Mabawa yana sm 46 ncha hadi ncha na upana wa sm 8. Ndege nzima, pamoja na mpira wake, ilikuwa na gramu 21. Tukiirusha bila kusokota mpira inateleza vizuri mpaka chini. Tukiusokota, inainua pua, inapanda karibu wima, inasita, kisha inaangukia bawa la kushoto. Tumebandika gramu 3 za plastisini puani. Sasa haipandi sana, lakini mpira ukiisha nguvu ndege inajichimbia ardhini. Halafu, mpira tulioagiza pamoja na mbao unakaribia kuisha. Je, tunaweza kukata vipande vya tyubu ya baiskeli?

JIBU: Salama, mwalimu. Bandueni kwanza hiyo plastisini. Gramu 3 juu ya 21 ni sehemu moja ya saba ya uzito wa ndege, na mmeiweka kutibu ugonjwa ambao haupo. Ndege iliyoteleza vizuri kabla ya kusokotwa ilikuwa imeshawaambia kwamba mizani yake iko sawa. Mkitaka kuhakikisha, ishikeni kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, karibu theluthi moja ya upana kutoka ukingo wa mbele. Kwa bawa lenu ni kama mm 27. Ikikaa mlalo hapo au karibu na hapo, uzito msiuguse tena.

Sasa angalieni ndege kwa ubavu. Mtaona bawa limeinua ukingo wake wa mbele kidogo kuliko mkia. Tofauti hiyo ya pembe ndiyo inayoifanya ijirekebishe yenyewe hewani: pua ikiinama, mwendo unaongezeka, nguvu ya kunyanyua nayo inaongezeka, na pua inarudi juu. Mfaransa Alphonse Pénaud aliitumia kwenye kindege chake cha mpira alichokirusha katika bustani ya Tuileries, Paris, tarehe 18 Agosti 1871. Kilikaa hewani sekunde 11 bila rubani, miaka 32 kabla ya ndugu Wright kuruka na ndege yenye injini. (Ndugu hao wenyewe, wakiwa watoto, baba yao aliwaletea mwaka 1878 kihelikopta cha mpira cha namna ile ile ya Pénaud, wakakichezea mpaka kikavunjika.)

Lakini tofauti hiyo hiyo ya pembe ndiyo inayowasumbua. Mpira uliosokotwa unaipa ndege mwendo mkubwa kuliko ule wa kuteleza, na ndege haina namna ya kujua kama mwendo umeletwa na kuinama au na propela. Inafanya ilichoundwa kufanya: inainua pua. Inapanda mpaka mwendo unakwisha, hewa haishiki tena juu ya bawa, inaanguka. Mkiongeza uzito puani mnazuia kupanda, sawa, ila uzito hauondoki propela inaposimama. Ndiyo maana inajichimbia.

Mpira haugawi nguvu zake sawasawa. Sekunde chache za mwanzo unasukuma kwa fujo, kisha unashuka haraka na kutulia kwa muda mrefu, halafu unalegea. Ugonjwa wenu ni wa sekunde zile za mwanzo, basi na dawa iwe ya sekunde zile zile. Dawa hiyo ni kuinamisha mhimili wa propela. Mhimili ukielekea chini kidogo, propela inavuta pua chini kwa kadiri ya nguvu iliyopo: ikivuta sana, inainamisha sana, ikilegea, inaacha. Ikisimama kabisa, ndege inabaki na mtelezo wake mzuri wa awali.

Kwa vitendo: chomoeni kibao cha puani kinachoshika mhimili, muweke kabari nyembamba upande wa juu, kati ya kibao na kiwiliwili. Kama kibao kina kimo cha mm 20, kabari ya mm 1 inainamisha mhimili kwa karibu nyuzi 3, na hapo ndipo pa kuanzia. Kadi ya boksi la dawa ya meno inatosha, pandisheni vipande mpaka unene ufike. Kama ndege yenu ni ya kijiti kimoja chenye kishikio cha plastiki, kipindeni polepole kwa koleo.

Kuhusu bawa la kushoto: propela ikizunguka kufuata saa, ukiitazama kutoka nyuma, kiwiliwili kinasukumwa kuzunguka kinyume, yaani kulalia kushoto. Kwa hiyo ndege kuzunguka kushoto si kosa. Mzunguko mpana wa kushoto mimi naupenda, unapunguza hata ule upandaji wa wima. Kosa ni mzunguko unaojikaza mpaka ndege inazama. Kabla ya kulaumu propela, chunguzeni mabawa kutoka nyuma kwa jicho moja. Balsa inajipinda, hasa upande mmoja ukipata gundi au rangi nyingi kuliko mwingine. Bawa lililopinda lipitisheni kwenye mvuke wa birika, mlipinde kinyume kidogo, mlishike hivyo mpaka lipoe. Likishanyooka na bado ndege inajikaza kushoto, wekeni kabari ya nusu milimita upande wa kushoto wa kibao ili mhimili uelekee kulia.

Jaribuni alfajiri, upepo ukiwa bado haujaamka, juu ya nyasi. Anzeni na mizunguko 100 ya mpira, irusheni mlalo kwa mwendo wa kutembea haraka, msiitupe juu. Kisha 150, kisha 200. Kila mrusho badilisheni kitu kimoja tu na mwanafunzi mmoja aandike. Nimeshuhudia watu wazima, wahandisi, wakibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na kwenda nyumbani bila kujua kipi kilisaidia.

Tyubu, hapana. Najua inafaa kwa manati, lakini tyubu nyingi za siku hizi ni za butili, mpira unaoshika hewa vizuri ila unakula sehemu kubwa ya nguvu unayoutia na kuigeuza joto. Tafuteni mpira asilia. Hata ile mipira ya kufungia noti, kama ni ya asilia, ikiunganishwa itainua ndege nyepesi, ingawa kila fundo ni mahali pa kukatikia.

Mpira mlionao mnaweza kuutunza ukadumu. Uosheni vumbi, ukaukie kivulini, kisha mpakeni glisirini au mafuta ya nyonyo. Mafuta ya mgando yasikaribie, yanatokana na petroli na yanauozesha mpira. Msisokote ukiwa umelegea: mmoja ashike ndege, mwingine auvute kutoka puani mara nne ya urefu wake, asokote nusu ya mizunguko akiwa pale pale, halafu asogee mbele taratibu akimalizia. Keke ya mkono yenye ndoano itaokoa vidole. Kujua kikomo, toeni kitanzi kimoja sadaka: sokoteni mpaka kikatike, mkihesabu, kisha msivuke robo tatu ya idadi hiyo. Na kwa kuwa wewe ni wa fizikia, wape hili wakapime: mkiongeza nyuzi za mpira mara mbili, nguvu ya kusokota inaongezeka karibu mara 2.8, lakini mizunguko inayoingia inashuka hadi kama asilimia 70.

Siku itakapokaa sawa, msiirushe saa sita mchana bila kuandika jina la shule na namba ya simu chini ya bawa. Hewa ya moto inayopanda ikiibeba ndege ya gramu 21, mtaifuata kwa baiskeli.