Kwa mnaoanza kazi ya viinitete vya kuku (vifaranga vinavyoanza kuumbika ndani ya yai) Bukavu: anzeni na yai

Wanafunzi wengi hukwama wiki ya kwanza kwa sababu ya mayai ya trei kutoka soko la Kadutu. Kuku wa mayai ya biashara hufugwa bila jogoo. Ukiyatia mayai hayo kwenye mashine ya kutotolea hata mwezi mzima, utavuna harufu tu. Tafuteni mfugaji mwenye jogoo, kisha vunjeni mawili matatu kwanza. Juu ya kiini pana doa jeupe. Likiwa dogo na zito, lenye kingo zisizo sawa, halina mbegu. Likiwa pete ya milimita 4 hivi, endeleeni. Yanayosubiri yakae kwenye nyuzi 13 hadi 15, yasizidi wiki.

Mashine iwe nyuzi 37.5 hadi 38, na bakuli la maji ndani. Yalazeni mayai ubavu na kutia alama ya penseli juu, maana kiinitete huelea upande huo. Saa 33 hadi 38 zikipita mtakuta hatua ya 10 kati ya hatua 46 za ukuaji wa kiinitete cha kuku zilizopangwa na Hamburger na Hamilton (1951): jozi 10 za somiti (vipande vidogo vilivyopangana pande mbili za mgongo), na moyo unaanza kupiga.

Saa hizo zinafaa tu iwapo joto halijayumba. Umeme ukikatika kwa muda wa saa moja, kiinitete hakifi, kinachelewa. Kwa hiyo daftarini saa pekee hazitoshi, andikeni idadi ya somiti. Kinachoua ni huruma: mtu anasogeza mbabula (jiko la makaa), joto linavuka nyuzi 40, kesho yake vyote vimekufa au vimepinda. Bidoni ya maji iliyokaa ndani ya mashine tangu mwanzo, na blanketi juu, hufaa zaidi.

Kabla ya kukata dirisha kwenye ganda ili mkione kiinitete, chomeni sindano kwenye ncha butu, ielekee chini, mvute mililita 2 au 3 za ute. Mkiruka hatua hii kiinitete kitagusa ganda na mkasi utakichana. Ukitoka ute wa njano, kiini kimetoboka, tupeni. Maji ya bomba yasiguse kiinitete kamwe; tumieni mchanganyiko huu: lita moja ya maji yaliyotoneshwa, gramu 7.2 za chumvi safi ya maabara, 0.37 za kloridi ya potasi, 0.17 za kloridi ya kalsi.

Na choreni kwa penseli, kila kiinitete, hata kama simu inapiga picha nzuri. Picha haiwalazimishi kuhesabu somiti. Mchoro unawalazimisha, na anayewapima kwa nafasi ya masomo ataanza kwa kuwauliza ni hatua ya ngapi.