Mnaoniuliza ajensi nzuri ya unesi wa kusafiri Marekani, jibu langu ni hili

"Dada, hiyo kazi ya manesi wa kusafiri huko Marekani tunaingiaje, na ajensi nzuri ni ipi?"

Nimeulizwa hivyo na watoto wa shangazi, na tuliosoma nao KMTC, chuo cha tiba cha Kenya, na juzi jirani wa mama aliyekuwa akimuulizia bintiye aliyemaliza diploma. Nimekuwa nikijibu kwa vijisauti vya WhatsApp, na kila mmoja anabaki na kipande chake kisha anaenda kuwaeleza wengine kana kwamba ndiyo habari nzima. Sasa najibu lote kwa pamoja, na yasiyopendeza yamo.

Ukiwa bado Kenya, huwezi kuingia unesi wa kusafiri moja kwa moja. Najua hamtaki kulisikia hilo. Nesi wa kusafiri ni mtu ambaye tayari yuko Marekani, ana leseni, ana ruhusa ya kumfanyia kazi mwajiri yeyote, na mara nyingi anatakiwa awe na uzoefu wa mwaka mmoja au miwili katika hospitali za huku huku Marekani. Anachukua mkataba mfupi, kwa kawaida wiki 13, katika hospitali iliyopungukiwa na watu. Ukiisha anaongeza, au anafunga mabegi kwenda kwingine. Anatafutwa kwa sababu hospitali haina muda wa kumfundisha mtu. Siku ya kwanza anaonyeshwa kabati la dawa lilipo na namna ya kuingia kwenye kompyuta, na baada ya hapo anapewa wagonjwa wake. Kama hujawahi kuandika taarifa za mgonjwa kwenye Epic, mfumo wa kompyuta wa hospitali nyingi, na hujui katika hospitali hiyo anaitwa nani mgonjwa anapozidiwa saa tisa usiku, atakayeumia ni mgonjwa, na leseni itakayohojiwa ni yako.

Zile ajensi zinazowaita watu kwenye mikutano ya hoteli Nairobi ni biashara nyingine kabisa. Hizo zinakutoa nyumbani. Zinakudhamini kwa visa ya wahamiaji ya EB-3, unafika na kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi, na wewe unaahidi kufanya kazi pale watakapokupeleka, mara nyingi miaka miwili au mitatu. Njia yenyewe ni halali, na wengi wameipita wakafika salama. Lakini ni ndefu. Kuna mtihani wa leseni ya unesi, NCLEX-RN, maswali kuanzia 85 hadi 150 ndani ya saa tano, na kompyuta ndiyo inayoamua wakati wa kukukatisha. Kuna cheti cha VisaScreen, cha kuthibitisha masomo na leseni yako kwa ajili ya visa, kutoka shirika la CGFNS, ambalo siku hizi linaitwa TruMerit. Kuna mtihani wa Kiingereza, hata kama umefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne na ukichapwa ukiongea Kiswahili shuleni. Ukishamaliza yote hayo unaingia kwenye foleni ya visa, na foleni hiyo inasogea au kusimama kulingana na taarifa ya kila mwezi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Ajensi inayokuahidi "miezi sita umefika" inakudanganya mchana kweupe.

Kwa ajensi za aina hii, jambo la kwanza kuangalia ni faini ya kuvunja mkataba. Mwaka 2023 Wizara ya Kazi ya Marekani iliishtaki ajensi moja ya Brooklyn, ikidai kwamba inawafunga manesi waliotoka nje kwa miaka mitatu, na anayeondoka mapema anatakiwa kuilipa hata faida ambayo kampuni ingeipata kama angebaki. Kwa hiyo uliza: nikiondoka katikati nitalipa kiasi gani, na deni hilo linapungua kadiri ninavyofanya kazi au linabaki vile vile hadi siku ya mwisho? Saa za mafunzo zinahesabiwa kwenye mkataba? Hospitali ikinikataa, mnanipeleka wapi na nani ananilisha nikisubiri? Akisita kukujibu kwa maandishi, ameshakujibu. Na mtu yeyote wa Nairobi au Mombasa anayetaka pesa ya "kukuwekea nafasi", anza kwa kuangalia kama yumo kwenye orodha ya ajensi zilizosajiliwa na National Employment Authority, mamlaka ya ajira ya serikali ya Kenya. Kama hayumo, mwambie asante, kwaheri.

Waliokuja kwa bahati nasibu ya kadi ya kijani au kwa ndoa hawana mzigo huo. Wengi wetu tulianza kama wasaidizi wa manesi, kuogesha na kugeuza wazee usiku kucha, huku tukirudi shule. Ukipata leseni ya RN, yaani nesi kamili aliyesajiliwa, ukiwa na karatasi zako mwenyewe, hakuna anayekumiliki.

Sasa tuje kwenye kusafiri kwenyewe. Kaa hospitali moja kwanza, katika wodi moja, hadi uiweze kazi hiyo usiku bila ya kumwita mtu kila dakika. ICU (wodi ya mahututi), dharura, wodi ya wagonjwa wa moyo na chumba cha upasuaji ndizo zenye soko. Ukiwa mkazi wa jimbo lililo kwenye mkataba wa leseni wa majimbo, kama Texas ninakoishi mimi, leseni yako moja inakuruhusu kufanya kazi Arizona, Florida, Tennessee na kwingine kwingi. California na New York hazimo, huko unaomba leseni yao, na subira.

Halafu pesa, maana ndiyo inayowafanya mniulize. Tangazo litasema: dola 2,200 kwa wiki, saa 36. Huko nyumbani mtu anazidisha kwa shilingi 129, anapata zaidi ya laki mbili na themanini, anazidisha tena kwa wiki 52, na jioni hiyo hiyo ujumbe wa karo unaanza kuingia. Ngoja tuifungue hiyo 2,200. Tuseme mshahara wenyewe ni dola 22 kwa saa. Hapo ni 792. Zile 1,408 zilizobaki ni marupurupu ya nyumba na chakula, ambayo hayakatwi kodi ya serikali ikiwa tu una makao yako halisi kwingine, unayoyalipia kweli, na ugenini unalipa tena. Wakenya wengi tumezoea kuandika anwani ya binamu Dallas na hatumlipi hata dola. Watu wa kodi, IRS, hawaiti hiyo makao. Bila ya makao, zote 2,200 ni mshahara, na zinakatwa kama mshahara. Tena usijaribu kukaa mji mmoja zaidi ya mwaka ukisema uko safarini.

Hospitali ikipungukiwa na wagonjwa, inakupigia saa kumi na moja alfajiri: leo usije. Zamu moja ya saa 12 imekwenda. Kwa hesabu ile, unapoteza 264 za mshahara, na ajensi nyingi zinakata pia marupurupu ya saa hizo, kama 469. Jumla 733, theluthi ya wiki, na mwenye nyumba anataka kodi yake kamili. Ndiyo maana kifungu cha saa zilizohakikishwa, zile utakazolipwa hata zamu ikifutwa, ndicho ninachokisoma mwanzo, kabla ya mshahara wenyewe. Kuna mikataba inayoiruhusu hospitali kufuta zamu moja kila baada ya wiki mbili bila kulipa, mingine inaruhusu zaidi, na mingine iko kimya kabisa, na huo kimya ni wa kuogopwa. Kuhusu saa za ziada, mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Ninth Circuit iliamua dhidi ya AMN, moja ya ajensi kubwa za manesi wa kusafiri, kwamba marupurupu yanayopanda na kushuka kwa saa ulizofanya ni sehemu ya malipo ya kazi, na lazima yaingie kwenye hesabu ya saa za ziada. Kwa hiyo uliza saa za ziada zinalipwaje. Ukiambiwa ni 22 mara moja na nusu, yaani dola 33, hiyo ni chini ya wastani wako wa dola 61 kwa saa ya kawaida! Umechoka zaidi, umelipwa kidogo.

Ajensi ipi, basi? Kubwa kama AMN na Aya zina kazi nyingi na karatasi zilizopangika. Kwenye ndogo, huenda mtu wako wa ajensi akapokea simu Jumapili. Kazi ile ile hutangazwa na ajensi kadhaa kwa bei tofauti, kwa sababu hospitali hupitishia nafasi zake kwa dalali mkuu naye anazigawa. Kwa hiyo fanya kazi na ajensi mbili au tatu, linganisha, lakini usikubali jina lako lipelekwe hospitali moja na ajensi mbili, utakataliwa kote kuwili. Uliza bima ya afya inaanza siku ya kwanza au baada ya mwezi, na inakuwaje kati ya mkataba na mkataba. Uliza mkataba ukifutwa nikiwa nimeshalipia nyumba inakuwaje. Anayekupigia simu anaweza kuwa mtu mzuri sana, anakuuliza hata hali ya mama, lakini analipwa ukitia sahihi. Kama neno lake halimo kwenye karatasi, halipo.

Malipo ya wakati wa Korona yamekwisha, msimsikilize anayesimulia ya 2021. Bado yanashinda ya nesi wa kudumu katika miji mingi, ila si kila mahali, na ukihesabu wiki za kukaa bila mkataba tofauti inapungua. Yapo pia ya wodini: mgeni ndiye wa kwanza kupelekwa wodi nyingine, na mara nyingi ndiye anayepewa wagonjwa waliowachosha wenyeji. Krismasi na Idi zitakukuta kazini katika mji ambao unga wa ugali hauuzwi, na theluji imefunika gari. Mimi hilo naliweza. Rafiki yangu mwenye watoto wadogo hakuliweza, akarudi hospitali ya karibu na kwake na analala vizuri.

Mwenye mkataba mkononi, uwe wa kutolewa nyumbani au wa unesi wa kusafiri, anitumie kurasa zote kabla ya kutia sahihi. Picha za matangazo msinitumie, nimezifuta nyingi tayari.