Uliza Mwenyeji: Mitaa ya Mombasa wakati wa kipupwe

SWALI: Shikamoo Bibi. Sisi ni walimu wanne wa kike, marafiki tangu chuo, na twafundisha Nyahururu. Huku kwetu mwezi wa saba na wa nane baridi inaingia hadi kwenye mifupa, kwa hiyo likizo hii ya Agosti tumeazimia kuteremka Mombasa kwa siku tatu. Ufuo wa Nyali na Fort Jesus tulishaviona tulipokuja na wanafunzi, mbio mbio, basi likitungoja. Safari hii twataka mitaa yenyewe. Mmoja wetu ana goti linalomsumbua, na mifuko yetu ni ya walimu. Tuzipange vipi siku zetu ili tusikose kitu?
Mwalimu, Nyahururu

JIBU: Marahaba wanangu, na karibuni Mvita.

Hilo la kutokosa kitu ndilo litakalowaharibia safari. Nasema hivi kwa sababu lilishaniponza. Miaka mingi nyuma nilipata wageni kutoka Eldoret, watu ninaowapenda, nikakodi gari lenye dereva wa kutembeza watalii. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alitupitisha mahali panane. Kibokoni, mtaa niliozaliwa, tulifika saa saba na nusu, jua la utosi. Maduka yamefungwa, watu wamekula wamelala, barazani hakuna hata paka. Wageni wangu walipiga picha kuta na makufuli. Jioni mmoja akaniuliza kwa upole, "Kwani hapa watu hukaa wapi?" Swali lile lilinichoma, maana niliwaleta kwetu saa ambayo kwetu hakupo.

Tangu siku hiyo mgeni wangu simpi orodha ya mahali, nampa saa. Mtaa wa Mombasa hufunguliwa na kufungwa kama duka. Ukizijua saa zake, siku tatu zawatosha sana.

Siku ya kwanza iwe ya Mji wa Kale, na muuingie mara mbili. Mara ya kwanza ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tafuteni mlango wowote wenye moshi na watoto waliotumwa na bakuli. Hapo pana mahamri na mbaazi. Simameni mtazame karai kabla ya kununua. Hamri likitumbukizwa huzama, hukaa kidogo, kisha huibuka limefura, na mama huligeuza kwa ncha ya mwiko mara moja tu. Likigeuzwa mara tatu limeshanyonya mafuta. Mbaazi ziwe zimekolea tui hadi zinashika kijiko. Kuleni papo hapo zingali moto, msibebe.

Kisha fuateni Ndia Kuu kuanzia upande wa ngome ya Fort Jesus. Ndia ni njia kwa Kimvita, na njia yenyewe ni ya kupitia taratibu. Tazameni milango. Ule mti wa katikati, uliochongwa kwa ustadi, huitwa mfaa. Miwili ya pembeni ni miimo. Mfaa ndio unaokutana na uso wa mgeni anapobisha. Mbele kidogo mtauona Msikiti wa Mandhry na mnara wake mweupe. Huhesabiwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, yaani kabla Wareno hawajaanza ngome yao mwaka 1593. Mwenye goti asishuke ngazi za Leven zinazoteremka baharini. Kushuka ni rahisi, kupanda ndiko kutakakomliza. Wenzake wakishuka, yeye apumzike juu kwenye kivuli.

Saa nne jua likianza kuwa kali rudini mlale. Nawaomba mlale kweli, kama sisi.

Mara ya pili ingieni baada ya sala ya alasiri, saa kumi na kuendelea. Sasa mtaa umeamka. Viazi karai vinatoka vikiwa na koti la rangi ya manjano na ukwaju pembeni, watoto wanacheza mpira kwenye kichochoro, na muuza kahawa chungu anapita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe vyake ili msikie kabla ya kumwona. Kikombe chenyewe ni kidogo, bila mpini, na kahawa ni nyeusi, ina tangawizi. Baraza za kahawa nyingi ni za wanaume, sitawaficha. Lakini hakuna atakayewanyima kikombe mkimwamkia "masalkheri" na kunywa taratibu. Na kina mama wakiwaona mmesimama, mara nyingi watawaita wao wenyewe.

Siku ya pili asubuhi iwe ya Marikiti. Kwenye ramani mtaiona kama Mackinnon Market, lakini mkimwambia hivyo wa tuktuk atawatazama tu. Nuseni kabla ya kununua: iliki nzuri hutoa harufu hata ikiwa haijapasuliwa, na mdalasini mzuri huvunjika kwa mlio. Kutoka hapo si mbali hadi Biashara Street kwenye leso. Leso ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndilo la kusoma kwanza. Rafiki yangu wa bara aliwahi kuchagua doti nzuri mno, nyekundu na nyeusi, kumpelekea mama mkwe wake. Ilikuwa imeandikwa "Mdhaniaye ndiye siye". Nilimshika mkono akiwa tayari ameshatoa pesa. Mwenye duka, Mungu ambariki, alimbadilishia bila neno, na akatafuta mwenyewe yenye maneno ya heshima. Mkitaka ipindwe, mafundi wa cherehani wako hapo hapo, mtangoja kidogo tu.

Jioni ya siku hiyo nendeni Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari, na ikiwa yawezekana iwe Jumapili. Hapo ndipo mtaona Mombasa nzima imetoka nyumbani: Waswahili, Wahindi, Wagiriama, Wakamba, watu wa bara waliokuja kikazi wakabaki, kila familia na mkeka wake. Nunueni muhogo wa kuchoma uliopasuliwa katikati ukatiwa ndimu, chumvi na pilipili, na dafu moja kila mtu. Kaeni chini ya mibuyu. Mlango wa Kilindini ni mwembamba pale, na meli ya makontena inapoingia hupita karibu hadi mnasoma jina lake ubavuni, na wenye kusema husita kusema mpaka ipite. Mimi nimekuwa nikitazama meli hizo tangu nikiwa na miaka sita na bado husimama.

Siku ya tatu vukeni daraja la Nyali. Kituo chenu cha kwanza kiwe Kengeleni. Makanga hupiga kelele za jina hilo kutwa, na wengi wanaoshuka pale hawajawahi kuinua macho kuitazama kengele yenyewe. Hapo ni Frere Town, ambako miaka ya 1870 wamisionari Waingereza waliwapa makao watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele ilikuwa ya kuwaonya hatari ikija, wasije wakakamatwa tena. Nyinyi ni walimu. Simameni pale dakika kumi, muwapelekee wanafunzi wenu habari hiyo.

Kisha pandeni matatu ya Bamburi mpaka Haller Park. Palikuwa machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti humo. Aina nyingi zilikufa, mivinje ikasimama. Majani yake makavu yakawa hayaozi, akaleta majongoo wayale na kuyageuza udongo. Leo mnatembea msituni, na njia ni tambarare, goti litafurahi.

Kuhusu fedha: kivuko cha Likoni mwenda kwa miguu halipi, kwa hiyo mkibakiwa na saa moja, vukeni na kurudi kwa ajili ya upepo tu.

SWALI: Bibi, nimeambiwa Agosti bahari ya Mombasa ni mbaya, imejaa mwani. Niahirishe hadi Desemba?
Msomaji, Machakos

JIBU: Agosti ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Bahari huchafuka, mwani hutupwa ufuoni, na safari za mashua si za kutegemea. Ikiwa unakuja kuogelea na kutazama samaki, ngoja kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, itulize bahari. Ikiwa unakuja kutembea, kipupwe ndicho kipindi chako, kwa kuwa mwezi wa pili hata sisi wenyeji hatuvuki barabara bila sababu.

SWALI: Bibi, mimi nakaa Kuze, huku Mji wa Kale. Likizo zikifika, wageni hunipiga picha nikiwa barazani na wajukuu wangu, bila hata salamu. Juzi mmoja alisukuma mlango wangu akaingia hadi ukumbini, akidhani ni makumbusho. Nikisema, naambiwa sina ukarimu. Nifanyeje?
Mama wa Kuze

JIBU: Dadangu, pole, na kosa si lako hata kidogo. Baraza imejengwa nje ili mgeni apokewe pale, akae, aulizwe hali, kabla hajaitwa ndani, na wengi huishia hapo hapo bila mtu kuvunjiwa heshima. Aliyeipita baraza akasukuma mlango amekuvukia nusu ya nyumba yako. Na uso wa mjukuu wako si mlango uliochongwa.

Mtu akiinua simu, inua mkono, useme "salamu kwanza". Usiongeze neno. Akishusha simu na kukuamkia, amua mwenyewe kama wataka picha au hutaki, na usijieleze. Ikiwa amekuja na mtembezaji, mwambie mtembezaji, tena kwa sauti, maana yeye ni mwenyeji na anajua, aliyemlipa hajui. Mlango nao utie komeo mchana hadi msimu upite. Najua hatukuzoea kufunga mchana, lakini bora hivyo kuliko kushtuka ukumbini kwako.

Wageni, nanyi mnaosoma: hodi ni mara tatu. Kimya kikijibu, ondokeni.

Wale walimu wa Nyahururu watapita kwenu mwezi huu, alasiri. Ni wanne, mmoja anachechemea. Wakikuamkia vizuri, msogezee mwenye goti nafasi kwenye baraza apumzike.