Pauni 7,500 za pampu ya joto: hivi ndivyo tulivyozipata

Wiki iliyopita dada mmoja wa Coventry aliniandikia: "Dada, nimeona kwenye picha zako za Idi lile boksi jeupe nyuma ya nyumba. Ndiyo hiyo pampu ya joto? Na ni kweli serikali imekulipia?" Nilianza kumjibu kwenye simu, jibu likazidi kurefuka, na wenye swali kama lake ni wengi. Basi naliweka hapa.

Ndiyo, ni pampu ya joto. Na ndiyo, pauni 7,500 zimetoka serikalini, na hazirudishwi. Mpango unaitwa Boiler Upgrade Scheme, yaani wa kubadilisha boila, ule mtambo wa kuchemsha maji ya kupashia nyumba joto. Ni wa England na Wales, na unasimamiwa na Ofgem, mamlaka inayodhibiti biashara ya gesi na umeme. Ulipoanza mwaka 2022 ruzuku ya pampu kama yetu, inayovuta joto la hewani, ilikuwa pauni 5,000. Oktoba 2023 ikapandishwa hadi 7,500.

Nayasema haya kwa sauti kwa sababu hapa Leicester nimesikia mengi. Kwamba pesa ya serikali ina mtego, kwamba ukichukua leo kesho watakuja kuidai nyumba. Mzee mmoja ninayemheshimu alimwambia mume wangu, nami nimesimama pale pale, amzuie mkewe na mambo ya boila, hayo si ya wanawake. Sijasahau. Nilinyamaza kwa heshima ya mvi zake, nikarudi nyumbani nikasoma masharti ya mpango mstari kwa mstari mpaka usiku wa manane. Masharti niliyoyasoma wakati ule yaliuliza kuhusu nyumba na mmiliki wake: nyumba iwe yako, iwe na cheti cha EPC, kile kinachoonyesha nyumba inavyotumia nishati, ambacho hakijapita miaka 10, na pampu ichukue nafasi ya boila la gesi, la mafuta, au hita za umeme za kawaida. Zamani ilibidi pia uwe umeshatandika sufi darini, ile ya kuzuia joto lisitoke, kama cheti kilivyoagiza. Sharti hilo limeondolewa tangu Mei 2024. Hata hivyo tandikeni, jamani. Dari isiyo na sufi inakula pesa kila usiku.

Kwa wasioijua pampu yenyewe: lile boksi ni kama la AC mnaloliona ukutani Dar au Muscat, ila kazi yake imegeuzwa. Linavuta joto kutoka hewa ya nje, hata hewa ya Februari, na kuliingiza kwenye maji ya redieta. Likifungwa vizuri, uniti moja ya umeme inakupa uniti tatu za joto au zaidi.

Jambo lililonisukuma mimi kuliko yote ni riba. Boila letu lilikuwa limechoka, na kila kampuni niliyoipigia simu ilikuwa na mpango wake wa kulipa kidogo kidogo kwa riba. Sisi hatuli riba. Ndugu zangu wengi hapa wako hivyo hivyo, na wengi wanadhani basi hawana njia, wataendelea kupachika viraka kwenye boila bovu mpaka liwashinde. Ruzuku hii si mkopo. Inakatwa moja kwa moja kwenye bei ya fundi, wewe unalipa kilichobaki. Bei yetu ilikuwa pauni 12,400. Ikatoka 7,500, tukabakiwa na 4,900. Na kodi ya ongezeko la thamani kwenye kazi hii ni sifuri mpaka tarehe 31 Machi 2027. Ingekuwa asilimia 20, tungeongeza pauni 2,480 juu yake. Zile 4,900 nililipa kwa zamu yangu ya mchezo, ule wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, na akiba kidogo. Wanawake tunaocheza mchezo pamoja walikubali kunipa zamu ya mapema, Mungu awabariki. Walio Scotland mna mpango wenu, Home Energy Scotland: ruzuku ya pauni 7,500, au 9,000 kwa wanaoishi vijijini na visiwani, na juu yake mkopo usio na riba hata senti.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa. Ruzuku huombi wewe. Anaomba fundi kwa niaba yako, na lazima awe amesajiliwa na MCS, mfumo unaothibitisha mafundi wa kazi hizi. Ofgem watakutumia barua pepe kukuuliza kama kweli umemruhusu, nawe usipoijibu maombi hayaendi popote. Kwa hiyo ukimpata fundi mzuri umeipata ruzuku, na ukimpata mbaya umekosa vyote viwili.

Kijana mmoja alibisha hodi mlangoni kwetu na kishkwambi mkononi. Akasema pesa za serikali zinaisha wiki ile, tulipe amana jioni ile ile, yeye atamaliza mengine. Alizungumza na mume wangu tu, hata nilipouliza mimi alimjibu yeye. Hakupima chumba hata kimoja. Nilifungua orodha ya MCS kwenye simu mbele yake, jina la kampuni yake halimo. Nikamwonyesha mlango. Mpaka leo nikikumbuka alivyonipita kwa macho kama sipo damu inachemka, na nawaambia kina dada: nyumba ni yenu pia, ulizeni, na asiyekujibu wewe asipewe kazi.

Fundi tuliyempa kazi alipima kila chumba, kila dirisha, akaingia darini na tochi, akakokotoa joto linalopotea chumba kwa chumba. Huo ndio moyo wa kazi yote. Pampu inapenda kupeleka maji ya nyuzi 45 hivi, si 70 kama boila la zamani, kwa hiyo redieta ndogo hazitoshi. Kwetu zilibadilishwa za sebuleni na za chumba cha watoto. Tukahitaji pia tangi la maji ya moto, kwa kuwa boila letu lilikuwa la aina isiyo na tangi. Kabati langu la mashuka likaenda. Anayekwambia atafunga pampu bila kupima, mkimbie.

Njia iliyo ubavuni mwa nyumba yetu ni nyembamba, na kwa miaka hilo ndilo lililotukwamisha. Sheria ya England ilitaka boksi liwe mita moja kutoka mpaka wa jirani, la sivyo uombe kibali cha ujenzi. Tarehe 29 Mei 2025 sharti hilo la mita moja likafutwa. Kipimo cha kelele kimebaki, na ni haki kibaki, jirani naye anataka kulala. Kama uliambiwa zamani kwamba nyumba yako haifai, uliza tena.

Bili je? Sitawadanganya kwamba inashuka nusu. Mwishoni mwa 2025 bei ya ukomo ya Ofgem, ile ya juu kabisa wanayoruhusu kampuni zitoze, ilikuwa karibu peni 26 kwa uniti ya umeme na karibu peni 6 kwa gesi, zaidi ya mara nne. Pampu ikikupa uniti tatu na nusu kwa moja, umelingana na gesi kwa karibu sana, maana boila nalo hupoteza sehemu ya gesi yake. Sisi faida tumeipata kwa njia mbili. Tumekata gesi kabisa, hata jiko ni la umeme, kwa hiyo ada ya kila siku ya gesi imeondoka, zaidi ya pauni 100 kwa mwaka. Na tumehamia mpango wa umeme wenye saa za bei nafuu, maji ya kuoga yanachemshwa saa hizo. Nyumba ina joto mchana na usiku, na mama mkwe, aliyekuwa akivaa makoti mawili ndani, sasa anakaa na kanga yake.

Wapangaji, mwenye kustahili ni mwenye nyumba, mpelekeeni habari. Nyumba za halmashauri na za mashirika ya makazi hazimo kwenye mpango huu.

Na msisubiri boila life. Boila hufa Januari watoto wamejikunyata, na fundi wa gesi anaweza kufunga jingine kesho yake, ndivyo watu wanavyojikuta na gesi kwa miaka mingine 15. Pampu inataka vipimo, maombi, tangi, redieta. Anza kuita mafundi Mei au Juni, wawe zaidi ya mmoja. Dada wa Coventry, umesema boila lako lina miaka 14. Soma masharti ya sasa ya mpango leo usiku, utafute na cheti chako cha EPC, kisha niandikie nikutumie maswali yote niliyowauliza mafundi wangu.