Barua kwa mwanangu: Dolly alikuwa mjinga kumkatalia Elvis?

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona. Unauliza kama ni kweli Dolly Parton, yule mwimbaji wa muziki wa country wa Marekani, alimnyima Elvis Presley wimbo wake, na kama ni kweli si huo ni ujinga tu. Kukataa alikataa. Ujinga ndio sioni.

Ujue alikotoka kwanza. Alizaliwa 1946 huko milimani Tennessee, mtoto wa nne kati ya 12, na daktari aliyemzalisha mamake alilipwa gunia la unga wa mahindi, unga kabisa, hao watu wala si mbali na sisi. Babake hakujua kusoma wala kuandika. 1964 akamaliza shule, kesho yake huyo Nashville.

1967 Porter Wagoner, mwimbaji mkubwa wa country, akamchukua kwa shoo yake ya TV na hapo ndio Marekani ikamjua, akakaa miaka kama saba hivi halafu akataka kuenda kivyake, Porter hataki, wakawa ni kuzozana tu, mpaka siku moja Dolly akaona maneno hayasaidii akaandika wimbo, I Will Always Love You, akaenda kumwimbia, mzee akalia, akamwachilia. Baadaye bado alimpeleka kortini lakini hiyo ni stori nyingine.

Sasa Elvis. Wimbo ulishafika namba moja chati za country 1974, Elvis akaupenda, Dolly akaambiwa anaurekodi, furaha hadi basi. Kumbe meneja wa Elvis, Colonel Tom Parker, anapiga simu kusema Elvis harekodi bila kupewa nusu ya hakimiliki. Na hiyo nusu si ya rekodi ya Elvis peke yake, ni nusu ya wimbo wenyewe, hata ukija kuimbwa na mtu mwingine kabisa. Dolly akasema hapana, halafu akalia usiku kucha. Hapo ndipo watu hukosea, wanadhani ilikuwa kiburi, kumbe Dolly alimpenda Elvis kama kila mtu.

1992 Whitney Houston akauimba kwa filamu ya The Bodyguard, ukakaa namba moja Marekani wiki 14. Wewe mwenyewe ulikuwa unanibishia ati ni wa Whitney! Sauti ni ya Whitney sawa, lakini pesa ya mwandishi ilienda kwa Dolly yote, hakuna wa kugawana naye. Na hakuzila peke yake, tangu 1995 anagawia watoto vitabu vya bure kwa sababu ya yule babake, vimepita milioni 200 sasa.

Huyo produsa wako anayetaka nusu ya nyimbo zako ndio akufungulie studio, mwambie utamlipa masaa ya studio, hata kidogo kidogo, nitaongezea. Na hiyo karatasi nitumie kwa WhatsApp kabla hujasaini chochote. Mamako anauliza kama unakula.

Babako